Jiwe la Mabale Halipulizwi

Nikisikia mtu anasema dada yangu Salvina alikufa kwa kikohozi cha ukoo, damu inanichemka. Ukoo gani huo unaokohoa? Mama yetu hakukohoa. Shangazi zetu wameishi mpaka meno yamewaisha, na bado wanagomba kwa sauti inayosikika ng'ambo ya bonde. Waliokohoa kwetu ni babu, baba na Salvina, na wote walikuwa wachonga mawe. Hilo watu hawalioni. Wanaona ukoo.

Mimi ni mdogo wake, Anisia. Habari zake nitazisema mwenyewe, maana wengine wameshazisema hovyo vya kutosha.

Sisi ni Wasumbwa wa upande wa Ushirombo, lakini baba alihamia karibu na Nyarugusu tukiwa wadogo. Wenzake walikwenda kule kufuata dhahabu. Baba alifuata jiwe la kusagia. Kuna kilima kule, Wazinza wanakiita Mabale, na ubavuni mwake kuna mwamba wa rangi ya fizi za mtoto, wenye mistari myembamba inayopindapinda. Baba alikuwa akibandua pande la mwamba ule, analichonga mpaka linakuwa bapa, kisha analidonoa uso wote kwa ncha ya chuma, tundu dogo kando ya tundu dogo, ili liwe na meno ya kusagia uwele na mtama. Kubwa la chini tuliliita mama, na lile dogo la kushika mkononi tuliliita mtoto.

Watu walitoka mbali kufuata mawe yale, mpaka Samuye kule Shinyanga. Unaweza kushangaa, maana Samuye kuna majabali kila unapogeuka. Lakini majabali ya Samuye ni itale, jiwe la chembe kubwakubwa, na ukisagia itale chembe zinabanduka zinaingia kwenye unga. Ugali wa Samuye wa siku zile ulikuwa na mchanga. Unatafuna, kwaruu! Nimeula, najua. Jiwe la Mabale halina tabia hiyo. Chembe zake hazionekani kwa macho, limeshikana, na unga wake unatoka mtupu bila mchanga.

Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, basi nyundo ilikwenda kwa Salvina. Alikuwa na mikono mipana na uvumilivu ambao mimi sikupewa hata chembe. Mume wake wa kwanza na wa mwisho alimwacha akaenda machimboni, akasema hawezi kuishi na mwanamke anayelala na vumbi nyweleni. Salvina akasema na aende, akarudi kwenye jiwe lake. Akigusa pande la mwamba kwa kidole alijua litapasukia wapi. Likipasuka linatoa kingo kali kama chupa, na vidole vyake vilijaa makovu madogo meupe. Alipenda kazi ile, na siwezi kusema vinginevyo hata nikiwa na hasira.

Sasa nifike penye shida yenyewe. Watu wa upande ule wote, wa kwetu na wa Samuye, walikuwa na mwiko mmoja. Jiwe la bibi harusi lisiguswe na maji kabla mama mkwe hajalipokea. Wakwe wanakuja nyumbani kwa binti siku ya harusi, wanawekewa jiwe katikati ya ua. Mama mkwe anainama, anavuta pumzi, anapuliza. Vumbi likiruka, ndiyo jiwe jipya, halijatumika, na vigelegele vinapigwa. Kisha anamimina konzi ya nafaka na binti anasaga mbele ya watu. Vumbi lisiporuka, jiwe limeoshwa, na jiwe lililooshwa ni la mtu mwingine. Mwanamke akiingia nalo nyumbani, eti chakula chake hakitashibisha.

Kwa hiyo mchongaji alichonga pakavu. Tangu asubuhi mpaka jioni, uso juu ya jiwe, vumbi jeupe linapanda, na yeye analivuta. Babu alilivuta. Baba alilivuta, na tulimzika hajafika umri wa kuitwa mzee. Baada ya baba, ikawa zamu ya Salvina.

Alianza kukohoa mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini. Mwaka uliofuata alipita mtu wa serikali anayezunguka kupima miamba, jina lake Donatus. Alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya turubai na nyundo ndogo kiunoni. Alipoona mawe yamepangwa uani kwetu alisimama kama aliyeona ndugu yake. Akaomba kuketi. Akashika kipande, akakigeuza, akakilamba. Salvina akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza, maana na baba alikuwa akilamba mawe vilevile.

Donatus alituambia jiwe lile linaitwa rayoliti, na kwamba zamani mno, kabla ya mtu wala mnyama, lilitoka chini ya ardhi likiwa moto na limeyeyuka. Mimi nikamwuliza, mbona mlima wenyewe ni mfupi hivi, ungetoka moto si ungemwagika mpaka ziwani? Akasema yapo mawe ya namna hiyo, yale meusi, yaliyotoka mepesi kama uji yakakimbia mbali. Hili la kwetu limejaa silika, kitu kilekile kilichomo ndani ya mchanga na kioo, na silika ikizidi mwamba ulioyeyuka unakuwa mzito. Akatazama jikoni, akaona mama anasonga. Akasema ndiyo hivyo, ni ugali, umetoka na kurundikana papo hapo mdomoni pa shimo. Ile mistari iliyopinda ni alama za kuburuzika kwake polepole. Na kwa kuwa ni mzito, hewa yake inashindwa kutoka, kwa hiyo mara nyingine unalipuka na kurusha majivu nchi nzima.

Salvina alimwuliza juu ya itale ya Samuye. Donatus akafurahi kuulizwa. Alisema itale na jiwe letu ni watoto wa chungu kimoja. Kilichobaki chini kilipoa taratibu, chembe zikapata nafasi ya kukua, ikawa itale. Kilichotoka nje kilipoa ghafla, chembe hazikupata muda, zikabaki ndogo zisizoonekana. Akatuonyesha ndani ya jiwe letu vijicho vichache vya kijivu vinavyong'aa, akasema hivyo vilikuwa vimeshaanza kukua tangu chini. Salvina alivijua vijicho vile siku zote. Alikuwa anavikwepa kwa ncha ya chuma, kwani ndivyo vinavyoifanya iteleze.

Kisha akakohoa tena, na Donatus akaacha kucheka. Akamwuliza amekohoa tangu lini. Akauliza baba alikufa na nini. Aliwahi kufanya kazi kwenye mgodi mkubwa, akasema, na ameona wachimbaji wenye vifua vya mawe wakimalizwa hivihivi, mpaka wakubwa wa mgodi walipolazimishwa kutoboa mwamba kwa maji.

"Dada," akamwambia, "kinacholifanya jiwe lako liwe zuri ndicho kinachokuua. Vumbi hili ni kioo kilichosagwa. Likiingia kifuani halitoki, haliyeyuki, na hakuna dawa ya kulitoa. Lilowe kwanza, ndipo ugonge."

Salvina alipitisha kidole juu ya jiwe. Halafu akamwuliza: "Nikililowesha, nani atalichukua?"

Donatus akavaa kofia yake, akaenda zake na nyundo yake. Lakini mimi nilikuwa nimesikia. Kuanzia siku ile nilijua kinachomuua dada yangu, na nilijua kinazuiwa na kata moja ya maji. Kata moja! Kisima kiko nyuma ya nyumba.

Nilimsumbua mpaka akajaribu. Alichonga jiwe la kwanza huku mimi nikimwagia maji, na siku ile hakukohoa mpaka jioni. Jiwe likatoka safi, limeng'aa, mistari yake imeonekana vizuri kuliko zote. Walikuja watu wa harusi kutoka Bukombe, wakapuliza, halikuruka kitu, wakaliacha palepale kwenye ua kama mzoga.

Aliyelichukua ni mama mmoja wa Kihindi mwenye duka Geita, Bhagwati, mjane aliyekuja na gari la mizigo kutafuta jiwe la kusagia bizari. Yeye alisaga bizari mbichi kwa maji. Alipoona jiwe limeoshwa alimshukuru Salvina, akasema kwao hakuna anayekubali kusagia jiwe lenye vumbi, ni uchafu. Nilitamani kumkumbatia. Lakini habari zikaenea kwamba Salvina sasa anachonga mawe ya Wahindi, na watu wakaanza kuuliza kwa mdomo uliopinda, hili ni letu au ni la dukani? Salvina akarudi kwenye ukavu. Alikuwa na mama wa kumlisha na hakuwa na shamba la maana.

Mimi nikachumbiwa Samuye, na kijana anaitwa Mageni. Kijana mwema, sina la kumsema, ila mbele ya mama yake anakuwa bubu. Nikamwambia Salvina, jiwe langu utalichonga kwa maji, la sivyo siolewi. Akakataa, nikanuna, nikaacha kula, akakubali. Tulilichonga pamoja, mimi na kata, yeye na nyundo, na tulicheka sana zile siku. Lilikuwa jiwe zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Mageni nilimweleza kila kitu, na akaniahidi atazungumza na mama yake.

Hakuzungumza. Mama Mageni alifika na wanawake wa ukoo wao, kanga mpya, mafuta yanang'aa. Tukamwamkia, shikamoo mayu, yaani mama kwa kwao, marahaba wanangu, tukaweka jiwe katikati. Akainama. Akapuliza. Hapakuruka kitu. Akapuliza tena kwa nguvu, mashavu yametuna. Akanyanyuka taratibu, akajifunga kanga upya kiunoni.

"Jiwe hili," akasema, "limeshaolewa."

Basi nikasimama. Bibi harusi hasimami, bibi harusi anainamisha kichwa, lakini mori ulikuwa umenipanda. Nikamweleza habari ya vumbi, ya kioo, ya baba yangu aliyekufa. Nilisema yote, na kwa sauti. Wanawake wa Samuye walinitazama kana kwamba nimepandwa na pepo. Mama Mageni akasema kwa upole, upole ambao mpaka leo ukinijia najisikia kupasua kitu, kwamba watu wote tunakufa, mwanangu, lakini jiwe bichi haliingii kwangu. Baba yangu mdogo akaniamuru niketi nisiwaaibishe. Nikasema siolewi, waende na kanga zao.

Nikasikia nyundo.

Salvina alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe. Jua la mchana lilishalikausha, na yeye alikuwa analidonoa upya, pakavu, uso karibu kuligusa, ili litoe vumbi. Nilimfuata kumnyang'anya chuma, na baba mdogo akanishika mikono kwa nyuma. Aligonga na kukohoa, akagonga na kukohoa, na watu wazima wote wale, waliobatizwa, wenye akili zao, walisimama kimya wakimngojea mgonjwa amalize. Alipomaliza uso wake ulikuwa mweupe mpaka kope. Mama Mageni akainama tena, akapuliza, vumbi likaruka, na vigelegele vikapigwa ua mzima. Walishangilia kile kile kilichokuwa kinamuua, na yeye Salvina alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, anatafuta pumzi, ananiashiria kwa mkono nisage.

Nilisaga. Nilisaga huku nalia, na watu wakasema bibi harusi analia kuacha kwao.

Nikaishi Samuye. Halafu vikaja vita vya Uganda, na baada ya vita mafuta yakaadimika nchi nzima. Mashine za kusaga zikanyamaza, moja baada ya nyingine, kwa kukosa dizeli. Watu waliokuwa wameshafanya mawe ya zamani kuwa viti vya kukalia kuku wakayakumbuka. Wakaenda Mabale kwa mikokoteni ya ng'ombe, kwa baiskeli, kwa miguu. Salvina hakuwahi kupata kazi nyingi hivyo maishani mwake. Alipojaribu kulowesha, walimwambia kwa macho makavu kwamba jiwe lenyewe ni la harusi, ama ni la mkwe, ama huenda siku moja likawa la harusi, na wakakaa kumlinda asitie maji. Walimlinda! Mtu anabeba mfuko wa karanga, anakaa kivulini, anatafuna, anahakikisha dada yangu anameza vumbi lake lote.

Nilikwenda kumwona kila nilipopata ruhusa. Alikuwa amekonda, mabega yamepanda juu kama ya mtu anayesikia baridi, na kutoka kisimani mpaka mlangoni alipumzika njiani. Hospitalini walimpima makohozi wasione kitu, wakampa sindano za kifua kikuu hivyohivyo, maana walikuwa nazo hizo. Nikawaambia ni mawe. Mganga mmoja akaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Salvina akanivuta kanga, akaniambia niache, tusije tukakosa hata hizo sindano.

Mwisho hakuweza kulala chali. Alilala amekaa, ameegemea gunia la pumba, na mimi nyuma ya gunia nikilishikilia. Alikufa hivyo, mwaka wa themanini na mbili, wakati wa kuvuna. Hakusema neno la kukumbukwa. Hakuwa na pumzi ya kulisemea.

Msibani walijaa, wale wale. Walikula ugali uliosagwa kwa mawe yake, wakausifu hauna mchanga. Mama Mageni alikuja kutoka Samuye, na sikatai, alilia. Tulipokaa kwenye mikeka baada ya kutoka makaburini, akanigeukia, akafuta macho, akauliza kwa sauti ya huruma kabisa: "Sasa mawe yetu atachonga nani?"

Nilicheka. Watu wakaogopa, walidhani msiba umenipanda kichwani. Nikamwambia nitachonga mimi. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikachota ndoo ya maji, nikarudi nikaitua katikati ya mikeka, maji yakawarukia miguuni.

"Nitachonga kwa hii," nikasema. "Asiyetaka, asage kwa meno."

Mageni hapo ndipo alipofungua mdomo, mara ya kwanza mbele ya mama yake. Alisema atanisaidia kubeba maji. Alichelewa miaka mitano, lakini alisema, na kweli alihamia Mabale pamoja nami, na mpaka leo ni yeye anayechota.

Mwaka wa kwanza hawakuja. Mwaka wa pili walikuja wachache, wakapuliza, wakaenda. Walirudi kwenye itale yao. Huko Samuye ugali ukaanza tena kulia mdomoni, na mtu mmoja akavunjika jino, kisha mwingine. Mimi nilichonga nikayapanga, nikachonga nikayapanga. Bhagwati alichukua mengine, na walimu, na masista wa misheni. Kifua changu ni kizima, mnasikia ninavyosema. Niko ukoo uleule.

Mwaka juzi, nikiwa uani nachonga, akashuka Mama Mageni kwenye mkokoteni. Amezeeka, nyonga zinamsumbua. Alikuwa anamwoza kitinda mimba wake, Bernadina, na wakwe walikuwa wamesema hawataki jiwe la itale, wanataka la Mabale. Alizunguka sana kabla ya kufika penye neno. Alisifu mihogo yangu. Alisifu wajukuu. Kisha akauliza kama ningeweza, kwa ajili ya ndugu, kumchongea moja tu kavu.

Sikumgombeza. Nilikuwa nimeshagomba miaka kumi. Nilimpa kigoda akae karibu na jiwe, nikampa kata mkononi, nikamwambia, mayu, mimi ninagonga, wewe unamwaga. Ukiacha kumwaga, naacha kugonga. Alinitazama muda mrefu, akiangalia kama natania. Kisha akachota.

Alimwaga kutwa nzima. Maji yalitiririka meupe kama ya mchele, yakaingia mchangani, na nilimwona anayafuata kwa macho yanakokwenda. Jua lilipopungua aliniuliza kwa sauti ndogo kama yote haya yalikuwa yanaingia kwa Salvina. Nikamwambia ndiyo. Haya yote, kila siku, na siku ile ya harusi yangu pia.

Jiwe likakauka. Mazoea ni kitu kibaya, akainama, akavuta pumzi, akapuliza. Hapakuruka kitu. Akabaki ameinama hivyo hivyo, mikono juu ya jiwe, hataki kunyanyua uso.

"Lipigie vigelegele," nikamwambia. "Ndivyo jiwe linavyopokelewa."

Akapiga, peke yake, sauti yake ya kizee ikikatika katikati. Vigelegele vinaitikiwa, kila mtu anajua hilo. Mimi sikuitikia.